Ngata Chini ya Nyonga

Nianze na ujinga wangu, maana mwanijua. Mamangu alipovunjika nyonga akalazwa hospitali huku Likoni, nilizungusha leso nikafanya ngata, ile ya kutulizia ndoo kichwani, nikaitia chini yake palipoanza kuwa pekundu. Nikajiona tabibu, mimi ambaye safari yangu ndefu huishia barazani! Muuguzi aliyeichomoa ngata ile amefariki wiki hii, na maiti yake imepelekwa kwao bara.

"Kaka, nani amekufundisha hivi?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba ndivyo tufanyavyo tangu zamani. "Hata mimi nilifundishwa hivyo chuoni," akasema, "nikawafanyia wagonjwa miaka. Watafiti wakapima, wakaona duara hili linabana damu pembeni, ngozi inakufa upesi. Nikaacha." Nikajitia ujuzi: basi tumsugue mafuta ya nazi? "Usisugue! Mgeuze, kila baada ya saa mbili." Mwenzake mkongwe wodini akacheka: "Huyu na makaratasi yake, wallahi!" Yeye hakugombana. Alitundika karatasi kila kitanda: saa ya kugeuzwa, ubavu gani, ngozi ikoje. Kila Ijumaa alizisoma na wenziwe, wakatazama nani kapata kidonda na nani kanusurika. Haukupita muda, nikamsikia yule yule mkongwe akimfokea mtu aliyekuja na leso yake: "Ngata peleka kisimani!"

Sisi humsifu muuguzi kwa mkono mwepesi na maneno matamu, na ni haki yake. Lakini huruma yangu mimi ilikuwa tele, na ndiyo iliyokuwa ikimla mama ngozi. Marehemu alinionyesha huruma ya namna nyingine, ile inayokubali kupimwa, na ikikutwa imekosea haioni haya kubadilika. Sihofii kusema kuwa wodi ile haitarudi nyuma. Aliyeona kidonda kikizuiwa hawezi tena kujifanya hakuona. Kazi njema haiachwi mikononi mwa mazoea.

Mama yuko nyumbani sasa, hajainuka bado, lakini ngozi yake nzima. Haya niliyoyaandika nimemsomea bibi jirani yangu, nikitaraji sifa. Akasikiliza mpaka mwisho, akafunga mtandio wake. "Umemsifu vyema, Mungu amrehemu. Lakini umeshika kalamu tangu adhuhuri, na sasa kwaadhiniwa alasiri. Mamako kalalia ubavu ule ule. Ondoka ukamgeuze."