Nilivyodhamini jezi za wakimbizi, kisha nikaulizwa kituoni kama nawajua

Wakuu, hodi humu ndani. Wa kuwaamkia mimi sidhani kama wamebaki, kwa hiyo nazipokea shikamoo zenu zote: marahaba.

Nimewaona mnagombana kuhusu timu kuvaa jina la kampuni ya kamari kifuani. Mmoja anasema haramu, mwingine anasema hela haina dini. Nikacheka peke yangu, maana hata mimi niliwahi kuwa mdhamini. Mdhamini mzima, na shule yangu ya darasa la nne.

Sitatia chumvi. Kwa umri huu uongo nitaulizwa kwingine hivi karibuni.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mimi niko Ujiji, nauza mawese. Maboti yanashusha watu kila siku, Warundi na Wakongo, na kule karibu na Bangwe walikuwa wanasubiri malori ya kuwapeleka kambini. Wengine walisubiri miezi. Vijana wakaunda timu, wanacheza kifua wazi.

Nikawaonea huruma. Huruma yenye jicho moja kwenye biashara.

Nikaenda kwa fundi Selemani, akashona jezi kumi na moja nyekundu kama mawese yenyewe. Kifuani akaweka herufi za kitambaa cheupe: MAWESE YA MAMA ZENA UJIJI. Akaniuliza kama azipunguze kidogo, maana zilitoka kwapa hadi kwapa. Nikamwambia aongeze.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba wale vijana hawakuwa na nguo nyingine.

Jezi ikawa ya mechi, ya foleni ya maji, ya kanisani, ya msibani. Jina langu lilihudhuria mazishi ambayo mimi mwenyewe sikwenda.

Na mawese yalitoka, wakuu, nisiwafiche. Nikaanza kutembea kama mwenyekiti wa klabu. "Vijana wangu" kila kona, hata kwa watu ambao hawajaniuliza.

Tamaa ikaingia. Soko la Mwandiga lilikuwa la Mama Chausiku, naye anauza mawese kama mimi. Nikataka timu ikacheze kule siku ya soko, wanunuzi wasome. Nahodha wao, Nestori, Mrundi mrefu mpole, akanieleza kwamba wao hawaruhusiwi kutoka pale bila kibali.

Nikamjibu, "Mkivaa jina langu, nani atawagusa?"

Tena nilisema mbele za watu.

Waliguswa kabla ya mapumziko. Askari hawakupata hata taabu ya kuwatafuta: wekundu uwanja mzima, na anwani ya mwenyewe kifuani. Mmoja wao alifika hadi dukani kwangu kwa kusoma tu.

Nikapelekwa kituoni. Nikawakuta wote kumi na mmoja wamekaa chini ukutani. Ofisa alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali. Nilishasikia kwamba ukimtorosha mkimbizi, wewe unafungwa na duka nalo linafungwa.

Akaniuliza, "Mama, hawa ni watu wako?"

"Jina ni langu," nikasema. "Watu siwajui."

Nestori aliinuka. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akaja kuniwekea mikononi. "Mama, shika jina lako."

Wenzake kumi wakafuata. Siku ile ile wakapandishwa lori la kambini, kifua wazi kama nilivyowakuta.

Mimi nikarudi na beseni la jezi kichwani. Sokoni Bi Mwajuma, muuza dagaa, akaniona. "Mwenyekiti, timu imeweka kambi kwenye beseni?" Nikaongeza mwendo.

Cha kuudhi, mawese yaliendelea kuuzika. Hata wateja wa Mwandiga wakaanza kuja. Biashara haikuona aibu, niliiona mimi peke yangu.

Wiki ya tatu nikakaa usiku na wembe na kibatari, nikabandua herufi moja moja. Kisha nikarudi kwa yule ofisa kuomba kibali cha kuwapelekea jezi zao.

Akanitazama. "Si ulisema huwajui?"

Nikamtajia. Nestori. Bukuru na Butoyi, mapacha. Pasikali, kipa. Minani, Zabuloni, Melkiadi, Leonidi. Amisi na Bilali, Wakongo. Na Yohana, ambaye hapigi penalti bila kufumba macho.

Ofisa akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo siku ile ulinidanganya."

Nikasema ndiyo, nimekuja kubadilisha maelezo, na kama ni kufungwa, anifunge na jezi zifike. Alinikaripia kama mtoto wa shule, nikainamisha kichwa. Halafu akaandika kibali.

Kambini Nestori akaikunjua jezi yake. Kumbe jua lilikuwa limepausha kitambaa chote isipokuwa pale palipokuwa na herufi. MAWESE YA MAMA ZENA UJIJI, inasomeka vizuri kuliko mwanzo.

"Nimebandua," nikamwambia. "Limegoma kutoka."

Akaivaa. "Basi libaki, Mama. Ila safari hii ukiulizwa, itika."

Sasa ninyi mnaobishana kuhusu kamari na pombe, mimi si shehe wala padri. Ningeuliza tu hiyo kampuni: siku mchezaji amevunjika mguu, au timu imeshuka daraja, ukiulizwa kama unawajua utasemaje? Kama jibu lako ni lile langu la kituoni, bora waendelee kucheza kifua wazi.

Haya, nipondeni, nimestahili. Na kama humu yupo aliyeivaa jezi ile nyekundu, au baba yake aliivaa, aandike jina tu hapo chini.

Nitaitika.