Sauti ya Mama Hana Ndani ya Video

Priska jirani yangu anapiga video za sherehe hapa Same, na wezi wa kazi zake wamekoma. Jina lake halikai pembeni ya picha walikate. Amelipenyeza ndani ya picha zenyewe, kwenye rangi, mabadiliko madogo yasiyoonekana kwa macho mpaka ufungue kwa programu yake na neno la siri. Mimi fundi cherehani nilimwambia huo ni uchawi wa kisomi, akacheka.

Sasa Hana, bibi harusi wetu. Mama yake aliachika Hana akiwa mdogo, akarudi kwao Myamba, kule milimani. Mzee Aminieli, baba mtu, akapiga marufuku: huyo mwanamke asikanyage kitchen party, wala asipige simu. Na simu ya binti anaikagua! Jamani, mtoto wa kike aolewe bila neno la mama yake? Niliumia.

Priska akapanda Myamba, akarekodi sauti ya mama, akaificha kwa mbinu ile ile ndani ya video ya kitchen party. Hana alishapewa programu kwenye kompyuta yake, na neno la siri. Flash alipewa mzee kwanza, maana alitaka kuikagua. Akaitazama yote, akaridhika. Lakini badala ya kumpa Hana flash, akamtumia video kwa simu.

Jioni ya kuamkia harusi tulipeleka shela. Hana akatunong'oneza huku analia, "Dada Priska, nimefungua, hamna kitu."

Priska akashika kichwa. Video ikitumwa hivyo inabanwa upya iwe nyepesi, na kilichofichwa kinasagika. Nzima ilibaki ile ya flash, na flash imechomekwa kwenye TV ya mzee.

Tukamwacha Hana chumbani, tukaenda sebuleni.

"Shikamoo baba. Naomba ile flash kidogo," Priska akasema.

"Marahaba. Ya nini? Si nimeshamtumia?"

"Ile imeharibika baba, sauti ya mama haimo..."

Weee! Ulimi huo! Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Mzee akazima TV. "Sauti ya mama gani?"

Priska akaeleza yote.

"Fungua," mzee akasema.

Nikaleta kompyuta ya Hana, Priska akachomeka flash. Mama akaongea Chasu, Kipare chetu, taratibu, akambariki mwanawe. Mwisho akasema, "Baba yako amekulea peke yake. Kesho usitoke kabla hujamshika mkono."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nililia, sifichi.

Kisha akaita kuelekea chumbani, "Hana! Njoo. Mama yako anakuita."