Mlango Niliomfungia Wifi Yangu

Kabla sijaugua nilikuwa na mikono ya kusifiwa. Naomba nianzie hapo, kwa sababu wengi wenu mmenijua nikiwa natetemeka tu. Mimi ni Mama Minza. Nimeolewa hapa Rwamgasa nikitokea vijijini Shinyanga, na kazi yangu ilikuwa mwaloni, pale tunapoosha unga wa mawe ya dhahabu ukitoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Nilikuwa nachanganya zebaki na unga ndani ya karai, nakamua kwa kitambaa, natoa kidonge cheupe cha dhahabu iliyoshikana na zebaki, kisicho na hata chembe ya mchanga. Wanaume wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, walinitafuta mimi, si mwingine. Nilikuwa najisikia, sitaficha.

Zebaki yenyewe niliiweka kwenye chupa ya soda juu ya kabati la vyombo. Niliishika kwa mkono mtupu, kisha nikanawa kidogo, nikasonga ugali. Hakuna aliyekuwa ameniambia vingine, na hata angeniambia sijui kama ningemsikia.

Nyumba yetu iko uwanja mmoja na ya wifi yangu, Mama Kulwa, dada mkubwa wa mume wangu. Alifiwa na mumewe, watoto wake mapacha wakaenda kutafuta maisha mbali, akarudi kwao. Baba Minza akamjengea chumba hatua kumi kutoka jikoni kwangu. Mama Kulwa ni mtu mgumu. Sisemi alikuwa, nasema ni. Anaingia bila hodi, anafunua sufuria, anauliza, "Huu mlenda, au maji ya kunawia miguu?" Mgeni akija ananitambulisha, "Huyu mke wa mdogo wangu. Kupika hajui, ila anajitahidi." Mgeni anacheka, na mimi nacheka.

Naye alichenjua dhahabu kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliweka moto uwanjani, akachoma kidonge chake kwenye upepo, kila anayepita akiona. Mimi nilimwona mjinga. Huku kwetu mtu akijua umepata, kesho ana mgonjwa, keshokutwa ana msiba. Zaidi ya hapo, sikutaka Mama Kulwa ajue nimepata nini. Nilishamkamata anakodolea macho kitambaa changu. Basi nikawa nachomea jikoni, juu ya jiko lile lile la ugali, mlango nimeukomea, gunia nimelikunja nikaziba chini pasipite hata jicho. Moshi mweupe ulipanda, ukagonga bati, ukarudi. Nilikaa humo hadi kidonge kigeuke njano. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa miaka.

Ugonjwa ulianzia kinywani. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Ufizi ukavimba, ukatoka damu nikipiga mswaki, na mate yakawa mengi mpaka mto unalowa. Jino moja la nyuma lilitoka lenyewe nikitafuna muhogo, wala halikuuma. Kisha vidole. Nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikasema ni macho. Nikashindwa kufunga kifungo, nikasema ni baridi. Siku nilipomwaga karai zima la mtu mwaloni, nikakosa cha kusema.

Usingizi ukaniacha. Nikawa nasahau, naenda dukani nasimama mbele ya muuzaji sijui nimefuata nini. Halafu ikaja hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko mate na meno. Baba Minza aliniuliza chumvi iko wapi, nikamrushia sufuria ya maharage. Ilimpata begani. Alisimama, maharage yanamchuruzika kifuani, akasema taratibu, "Mama Minza, huyu si wewe."

Nikamwambia, "Ndiye mimi. Wewe umechelewa kunijua."

Kila mtu kwangu alikuwa mbaya. Wanawake wa mwaloni walikuwa wananicheka, mume wangu ananidharau, Padri ananisema mahubirini. Na juu ya wote alikuwepo Mama Kulwa, aliyetazama mikono yangu ikitetemeka akasema mbele za watu, "Pombe hiyo." Mimi sinywi.

Nilikwenda kwa mganga upande wa Runzewe. Akapiga ramli, akasema aliyenishika ni mwanamke, wa karibu, amenizidi umri, macho mekundu. Mjue, mwanamke gani wa machimbo asiye na macho mekundu, kwa vumbi hili na moshi huu? Mganga hakutaja jina. Jina nililitoa mimi. Nikalitoa tena nyumbani, na tena mbele ya wanzengo, yaani wanakijiji wote, sungusungu walipokaa. Nililia, nikaonyesha vidole. Kitu chenyewe kilionekana, kikaaminika.

Wakamtenga Mama Kulwa. Kwa asiyejua, kutengwa ni hivi: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto, ukifika kisimani wenzako wanaondoka na ndoo tupu, ukifiwa unazika peke yako. Atakayekusalimia anatozwa. Wifi yangu alisimama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mmemaliza?" Akajifunga khanga vizuri, akaenda zake. Wiki ya tatu watu walirusha mawe kwenye bati lake mchana kweupe. Nyote mnajua kinachoweza kumpata mwanamke mzee akishatajwa katika nchi yetu. Mimi pia nilijua. Nilitaja nikijua, na hili halina dawa ya kulifuta.

Sasa, kama ni yeye aliyeniloga na ameshatengwa, si ningepona? Sikupona. Mtetemo ulipanda mpaka midomo. Kikombe nilikishika kwa mikono miwili na bado chai ilinimwagikia. Nikaona wachawi wameongezeka, nikaziba hata kidirisha cha jikoni.

Ng'ambo ya mwalo kuna kiwanda cha kuchenjulia marudio, yaani ule mchanga sisi tulioumaliza. Fundi wa maabara hapo alikuwa Bwana Nimal, mtu wa Sri Lanka. Watu walimwita Mhindi, akarekebisha mara mbili tatu kisha akaacha. Wapakiaji walimwiga anavyosema, walimwita mla majani kwa kuwa nyama hali, na yeye aliwaamkia asubuhi inayofuata kana kwamba jana haikuwepo. Nilidhani hasikii Kiswahili. Kumbe alikuwa anasikia chote.

Siku moja nilikuwa nimekaa kivulini, karai limenishinda. Akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, mkono huu tangu lini?"

"Tangu nilogwe," nikamjibu.

"Zebaki unachoma wewe?"

"Nachoma."

"Nenda hospitali. Kesho, si wiki ijayo. Waambie zebaki. Usipowaambia, watapima malaria."

Nilimtukana, naomba niseme ukweli. Nilimwambia aende akachunge mchanga wake. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mama. Lakini kesho," akaondoka. Ule upole ulinikera kuliko ningepigwa. Lakini nilikwenda, kwa sababu Baba Minza, aliyekuwa amenifuata mwaloni, alimsikia na kesho yake akanipandisha kwenye gari.

Hospitali ya Geita mjini nilikutana na daktari mwanamke, kijana, hana haraka. Aliniambia ninyooshe mikono, niguse pua, niandike jina langu. Jina likatoka kama kuku amepita kwenye karatasi.

"Unachomea wapi?" akauliza.

"Jikoni."

"Mlango wazi?"

"Nafunga."

"Kwa nini unafunga?"

Nilifunga ili wifi yangu asione. Yule niliyesema ananitilia sumu alichomea nje, moshi wake ukachukuliwa na upepo. Sumu nilikuwa naivuta mwenyewe, na nilijifungia nayo kwa sababu sikumpenda.

Daktari alinieleza kwamba zebaki ikichomwa haipotei. Inageuka hewa, unaivuta, inaingia kwenye damu, inafika kwenye figo na ubongo. Wakachukua mkojo, ukapelekwa kupimwa mbali, majibu yakarudi yakasema hivyo hivyo. Siku hiyo ya majibu akaniuliza, "Na hasira je? Unagombana na watu?" Nikamwambia watu ndio wanaogombana na mimi. Baba Minza akashika bega lake. Daktari akasema, "Mama, hasira nayo ni dalili. Zebaki inafanya hivyo."

Nililia pale pale. Miaka yote hiyo nilikuwa nahesabu watu wagumu walionizunguka, kumbe mgumu kuliko wote nilikuwa mimi.

Dawa ya kwanza, alisema, ni kuacha kabisa. Nyingine walinipa kwa muda, nikirudi kupimwa. Niliacha mwalo. Tulitupa jiko, masufuria, hata godoro. Usingizi ulirudi kwanza, kisha ladha ya chakula. Vidole vilichelewa.

Nilikwenda kumwomba radhi Bwana Nimal kwa matusi. Akasema yeye hakuyabeba, basi hana cha kunirudishia. Nikamuuliza anawezaje, maana wapakiaji wanamwonea kila siku. Akaonyesha karasha iliyokuwa inanguruma jirani. "Hiyo inapiga kelele. Unaitukana? Hapana, unajua ndani kuna mawe. Mtu naye akipiga kelele, ndani kuna mawe. Mimi siyaoni, lakini yapo."

Akanifundisha kitu alichofundishwa na mama yake katika dini yao ya Buddha. Unakaa kimya asubuhi, unajitakia mema wewe mwenyewe: niwe mzima, niwe na amani. Kisha unamtakia unayempenda. Kisha mtu usiyemjua, labda kondakta. Mwisho kabisa yule anayekusumbua. Nikamwambia mimi ni Mkatoliki. Akacheka, "Baki Mkatoliki. Kumtakia mtu mema kanisa lako linakataza?" Nikamwambia wifi yangu sitamuweza. Akasema nisianze na mzigo mkubwa kama mgongo bado mbovu, nianze na anayenikera kidogo. Nikaanza na jogoo wa jirani. Msicheke, nilihitaji wiki nzima kumtakia yule jogoo mema.

Nilipofika kwa Mama Kulwa nilikwama. Nasema awe na amani, naona sura yake juu ya sufuria yangu, nachemka. Nikaendelea hivyo hivyo, kila asubuhi, mpaka siku moja sura iliyokuja ilikuwa ya mwanamke amesimama kisimani na wenzake wanaondoka. Nikaona anavyojifunga khanga. Nikashindwa kukaa, nikaenda kumwambia Bwana Nimal kwamba nimefaulu, namtakia mema.

Hakunipongeza. Aliuliza, "Na kisimani bado yuko peke yake? Mama, kumtakia mtu mema na umemzibia njia, hayo ni mate tu."

Nilisimama mbele ya wanzengo pale pale niliposimama mwanzo. Nikasema nilisema uongo, ingawa niliuamini. Nikaeleza zebaki, jikoni, gunia chini ya mlango. Mtemi wa sungusungu aliuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye ulijiloga?" Watu wakacheka. Nikamwambia ndiyo, andikeni hivyo. Nilitozwa ng'ombe, na nilistahili. Kutengwa kukaondolewa. Asubuhi yake nilikwenda mlangoni kwake, nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kisukuma kama mama yangu, "Mwangaluka, mayu." Alikuwa anachambua mchele. Alichambua mpaka ukaisha, akaingia ndani. Nilikwenda kesho yake, na kesho yake tena. Siku ya tisa alijibu, "Mwangaluka. Magoti yatakuuma."

Leo vidole vyangu vinatunga sindano, si kila siku, lakini vinatunga. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, namshukuru Baba Minza ambaye bega bado linamuuma masika. Namshukuru Bwana Nimal, aliyekwisha kurudi kwao. Ninyi mnaochoma, chomeni nje, mbali na watoto na vyombo, tena ulizeni mafundi kuhusu vile vyombo vya kufunika moshi. Ukionja chuma mdomoni usisubiri jino. Na ukiona watu wote wamekuwa wabaya kwa pamoja, kapimwe. Wakiwa wagumu kweli, kama wifi yangu, usikae unangoja walainike. Fanya lililo upande wako.

Wiki iliyopita nilimpeleka Mama Kulwa hospitali, maana naye amechoma miaka mingi, na moshi wangu ulikuwa unatokea kwenye bati hatua kumi tu kutoka kitandani kwake. Njia nzima alilalamikia kiti, dereva, na khanga niliyovaa. Tukaingia kwa daktari yule yule. Akachukua kalamu, akamuuliza, "Shikamoo mama. Unasumbuliwa na nini?"

Mama Kulwa akasema, "Nilikaa msimu mzima wa kilimo bila mtu kunisalimia. Andika hilo kwanza."

Daktari akanitazama. Nikamwambia, "Andika, daktari. Ni mimi niliyemfanyia."

Akaandika. Mama Kulwa alimsubiri mpaka akaweka nukta, ndipo akanyoosha mikono ipimwe.