Mbio za Kupanda Msituni

Juzi wajukuu zangu walishindana mbio hapa Sekei, mama yao akiwashangilia huku akichoma ndizi. Harufu ile iliponifikia, niliinuka nikaingia ndani.

Kwetu Nkoaranga, mama alitushibisha ndizi na maziwa ya mgando, kisha akatukimbiza kupanda kilima hadi msituni. "Kula, mwanangu, miguu ipate nguvu," aliniambia. Aliyetangulia alipewa maziwa ya juu ya kibuyu, yale mazito. Mimi na kaka yangu tulidhani ni mchezo. Kumbe alikuwa akituzoeza kuwakimbia askari wa Mjerumani.

Alasiri moja, mama akiwa bado ndani na kitoto kichanga, mbwa walibweka bondeni. Alichungulia, akasema taratibu, "Haya, mbio. Msitazame nyuma."

Nilimshinda kaka. Tukiwa msituni, tulisikia harufu ya ndizi zikiungua.

"Mama anatuchomea ndizi," nilimwambia, nikicheka.

Ilikuwa nyumba yetu pamoja na migomba. Mama, mzazi wa juzi tu, asingeweza kukipanda kilima kile.

Nilikaa pale hadi giza likaingia, nikisubiri aniite nikanywe maziwa yangu.