Kuteremshwa Alto

Siku mwongoza kwaya aliponiambia nihame soprano niende alto, nilimwangalia kama mtu aliyenitukana mbele ya wakwe. Huku tunamwita maestro. Ni kijana aliyetoka Lubumbashi na suruali ya kubana, na alisema kwa adabu, kwaya nzima ikisikiliza: "Mama, sauti yako ya juu inaanza kutetemeka. Kule kwa alto bako na lazima na wewe."

Lazima na mimi! Eti wananihitaji! Mimi niliyeimba soprano katika kanisa letu la Anglikana, hapa Kolwezi, tangu yeye akiwa ananyonya!

Asiyejua ajue: soprano ndiye anayebeba wimbo. Watu wakitoka ibadani, wakirudi mtaani Musonoi kwa miguu, wanachopiga mluzi ni sauti yetu. Alto hapigiwi mluzi na mtu. Kwenye zaburi anapewa noti moja, anakaa nayo mstari mzima. Daudi analia, maadui wanaanguka, milima inaruka, yeye bado yuko palepale. Mwishoni anashuka kidogo, basi, amina. Nadhani hata malaika wanakimbia kupangwa huko.

Kiburi ninacho, sikatai. Lakini kilichoniuma zaidi ni bwana yangu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kuponda mawe ya mgodi, masikio yakaharibika. Kumwambia chakula kiko tayari, lazima majirani nao wajue. Hata hivyo kila Jumapili alikaa benchi la pili, macho kwangu mpaka wimbo uishe, na nyumbani ananiambia, "Mama, leo umeimba muzuri." Nilijua sauti yangu ya juu ndiyo peke yake bado inayomfikia. Nikifichwa kati ya wale mama wa alto wenye sauti nzito, atanipata vipi?

Nilinuna wiki nzima. Nilimwombea maestro mafua. Mungu hakujibu.

Jumapili nikavaa kanzu, nikaingia na mwandamano, nikasimama alto. Zaburi ilipoanza, niliishika noti yangu moja nikaiimba kwa hasira, kama mtu anayegombana sokoni. Mchungaji akageuka. Maestro akanipungia mkono nipunguze, nikajifanya sijamwona.

Nilipotupia jicho benchi la pili, bwana yangu alikuwa amefumba macho. Nikasema moyoni, haya, hata kunitazama ameacha.

Nyumbani nilimtupia sahani ya bukari, ugali wetu wa huku, mezani. Hakugusa.

"Mama," akasema, "leo nimekusikia."

"Na zile Jumapili zingine zote?" nikapiga kelele.

Akainamia sahani. "Mashine ilikula sauti za juu zamani. Ndege, simu, na wewe. Nilikuwa naona kinywa yako tu. Nikaona inafunguka muzuri."

Weee! Mwongo mkubwa huyu, miaka yote hiyo, na Biblia mkononi! Nilitaka kumvunjia sahani kichwani. Nilifungua mdomo nimtukane, kikatoka kilio, chembamba, cha juu kabisa. Yeye bado ameinamia bukari, hasikii kitu. Nililia pale mbele yake kama niko peke yangu, mpaka alipoinua uso akaona machozi.

Akashtuka, akavuta kiti chake karibu.

"Ni nini, Mama?" akauliza. "Sema kwa sauti ya chini, nikusikie."