Mfaransa Niliyekataa Kumlilia

Ninyi vijana mnaosoma ukurasa huu, au mnaosomewa na mama zenu kwa sababu Kiswahili mnakisikia lakini mnakijibu kwa Kiingereza, leo tulieni. Amekufa mtu. Nilisikia kwenye redio ya Kifaransa nikiwa napika sombe, majani yetu ya muhogo: mwigizaji wa sinema, mzee wa Ufaransa, amefia kwao. Wakataja filamu zake za ujanani, wakapiga muziki kidogo, wakaingia kwenye habari za theluji. Jina lake silitaji. Hao wa redio wamekwisha kulichosha. Nilizima jiko, nikajifunga kitambaa, nikalia kwa sauti mpaka jirani wa juu akagonga bomba. Agonge. Halafu mama mmoja wa kanisani akanipigia simu. “Mama, nasikia unamlilia mzungu wa sinema. Ni ndugu yako huyo?” Nikamjibu, “Machozi yake nilikuwa nayo mimi. Nilimnyima akiwa hai.” Akakata simu, nadhani akaenda kuniombea. Basi nieleze.

Tulikuwa bado wageni hapa Toronto. Mtu mmoja akaja kanisani kutafuta wanawake Waafrika wa kujaza picha kwenye filamu, na wasichana wetu, ambao walikuwa hawajapata kazi yoyote, wakafurahi kama wameitwa harusini. Wakanichukua na mimi kwa ajili ya makunyanzi yangu. Tukapelekwa kwenye ghala kuukuu karibu na ziwa. Nje baridi inakata masikio. Ndani wamemwaga mchanga, wamesimamisha migomba ya plastiki, eti hapo ni Afrika. Katikati liko jeneza, na ndani ya jeneza yule Mfaransa, amepakwa unga usoni. Alikuwa daktari aliyefia kijijini, na kazi yetu ilikuwa kumlilia. Mwongozaji wa filamu alisema kwa Kiingereza, na mwanafunzi mmoja wa Kenya akatutafsiria.

“Mama, anasema ulie.”

“Nani amekufa?”

“Si ni huyo hapo ndani ya jeneza.”

“Huyo anapumua. Nimemwona anajikuna pua.”

Wasichana wakaanza kunivuta nguo. “Bibi, tafadhali, lia kidogo tu! Amesema ukikataa tunarudi wote nyumbani.” Nikawaambia walie wao, kama machozi yao ni ya kugawa bure. Kwetu Uvira hatumlilii mtu aliye hai. Kumlilia ni kukifungulia kifo mlango na kukivutia kiti. Lakini niliziona nyuso zao, na sitawadanganya, moyo uliniuma. Kazi ile ilikuwa mkate wao.

Ndipo maiti akaketi. Akaniuliza kwa Kifaransa kuna nini, na mimi Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini sokoni ndiko watu wanakoelewana. Akasema, “Mama, mimi nimekufa kwenye filamu nyingi sana, na hakuna aliyekataa kunililia.” Nikamwambia, “Basi hao hawakukutakia mema. Tukikulilia leo, siku yako tutakulilia na nini?” Akacheka mpaka unga ukamdondoka kifuani. Halafu akatoa mguu mmoja nje ya jeneza, akatoa na wa pili, akamwambia mwongozaji kwamba mama huyu halii, na yeye halali tena humo. Mwongozaji alipiga kelele, akazunguka migomba yake, mwisho akachoka. Wakafunga jeneza likiwa tupu, wakatupiga picha tumekaa kimya mchangani, vichwa tumefunika. Hakuna aliyefukuzwa.

Baadaye yule Mfaransa alikuja kula kwetu, mtaa wa St. James Town. Viti havikutosha, akaketi sakafuni, akamega ugali kwa mkono kama aliyefundishwa na shangazi yangu. Akanieleza maisha yake. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Alipokuwa kijana sura yake ilibandikwa kwenye kuta za Paris, na wakubwa wa sinema wakamwambia meno yake ni makubwa, yachongwe. Akakubali. Miaka ikapita, wakampa maneno ya kuwatukana watu wa nchi ambayo askari wa kwao waliipiga. Hapo akakataa, na simu yake ikanyamaza miaka mingi. Ndiyo maana alikuwa akizunguka nchi za mbali akilazwa kwenye majeneza ya filamu ndogondogo. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema, “Najutia meno tu, mama. Hayo nilikubali.”

Mimi sikusoma sana, lakini naona nchi hii ina kazi nyingi za kuigiza kuliko hizo za sinema. Mkwe wangu kazini, kwenye nyumba ya wazee, wamemkatia jina libaki kipande, eti refu. Kijana mmoja wa Pickering, mji wa jirani hapa, anacheka mzaha unaomtukana mama yake, asionekane mkaidi. Nendeni kazini, fanyeni kazi kwa nguvu, sikatazi. Mizigo bebeni, sakafu pigeni deki, tabasamu hata toeni. Lakini kila mtu ana jambo moja asilolikodisha, na anayelikodisha mara moja asidhani atarudishiwa. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Yule mzee aliitwa mkaidi huko kwao, na mimi niliitwa mkaidi ghalani, nanyi mkiitwa hivyo kwa sababu ya haki, itikeni.

Jioni ya msiba wajukuu zangu waliingia na kanda ya video kutoka dukani, filamu yake ya zamani, wameshaiweka tayari na bisi kwenye bakuli. Mkubwa wao akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba hivyo ndivyo watu wa sinema wanavyoombolezwa: unawatazama. Kwenye kioo cha televisheni nikamwona kijana mzuri anashuka ngazi, anacheka, meno yake madogo yamepangwa sawasawa. Nikasimama mbele ya televisheni. Nikawaambia: “Zimeni. Humu ndani hatakuwa anacheka sebuleni huku yuko kaburini. Ondoeni viti, kaeni chini, na anayejua kulia alie kwa sauti.”