Vidato Vilivyolika vya Mnara wa Dadu

Shemeji yangu ni seremala aliyetoka Mpofi akaja kumuoa dada yangu hapa Kibabi. Mikono yake, nasema bila aibu, ingeweza kumchongea mbu meno ya akiba. Na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomletea balaa. Kila Jumapili baada ya misa tunacheza ludo uani kwa Mama mmoja muuza maharagwe, na Jumapili moja shemeji alirusha sita, sita, tena sita, mpaka mbuzi wakaacha kula wakatazama.

Mama akafunika ubao kwa kitenge. "Papa, vidole yako iko na dawa. Kwangu hautacheza tena."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kwa mtu aliyeoa ugenini, neno kama hilo haliishii uani. Kesho yake wateja wawili walipita mbele ya ateliye yake ya useremala bila kusalimu.

"Basi vidole yangu haitarusha tena dadu," akaniambia. "Nitajenga mnara. Unaangusha dadu kule juu, inashuka yenyewe, inatokea kwa mlango ya chini."

Na si mnara wowote. Alichagua kuiga mnara wa kengele wa kanisa letu la zamani, ule wa matofali, ambao wazee walibeba mchanga wake kichwani. Wiki tatu alichonga mbao za mti wa libuyu, mnara wa kimo cha chupa kubwa ya bia: madirisha ya upinde, msalaba usiozidi ukucha, matofali yaliyochorwa kwa kisu moja moja. Mimi mwenye diploma ya masomo ya jioni nilijaribu kuyahesabu, usingizi ukanishinda. Ndani akaweka ngazi ya kuzunguka, kama ile ya kanisani.

Tukaangusha dadu. Tok, tok... kimya. Ilikaa kwenye kidato cha tatu kama katekista mzee anayepumzika.

"Toa ngazi, weka ubao wa mteremko," nikamshauri kwa akili zangu zote za diploma.

"Ah, shemeji! Kanisa gani iko na mteremko ndani? Watasema nimeficha kitu."

Akaniburuta hadi kwenye mnara wenyewe. Tukapanda, mimi nikihema kama ng'ombe anayepandishwa lori. Yeye akapiga magoti, akapapasa. Vidato vyote vilikuwa vimelika mbele, vimeinama kidogo, kwa nyayo za wapiga kengele wa miaka na miaka.

"Angalia," akasema polepole. "Hii njo nilisahau. Nilijenga mnara yenye hakuna muntu alishapanda."

Akarudi, akachukua patasi na msasa, akavilainisha vidato vyake kimoja kimoja, mbele zaidi kuliko nyuma, kana kwamba wapiga kengele wa ukubwa wa siafu walikuwa wamepanda humo tangu enzi za babu.

Jumapili akauweka mnara mbele ya Mama. Mama akaupindua, akaumulika ndani kwa simu, akaunusa.

"Anza wewe, Mama."

Tok-tok-tok-tok, dadu ikatoka mlangoni: sita. Tena: sita. Tena: sita!

"Mama," shemeji akauliza kwa upole wa padri, "sasa niseme nini juu ya vidole yako?"

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge kile kile. Akasogea kwenye benchi. "Kaa, Papa. Lakini hii mnara inabaki kwangu."

Shemeji akakaa. Mnara ukampa moja, mbili, tena moja. Alishindwa vibaya kuliko mtu yeyote katika historia ya Kivu Kaskazini, na sijaona mshindi aliyefurahi kama yeye.